Karai la Babu Orrin

Kettle Hill, Vermont
11 Januari 1976

Mpendwa mjukuu wangu Joyanne,

Salamu zangu zikufikie huko Tucson, jangwani, ukiwa huna mafua wala kiu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeninunia tangu theluji ya Novemba. Mama yako hajambo?

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama! Kweli umeomba kazi ya ualimu kwenye shule yetu? Mwenyewe, bila kushikiwa fimbo? Nimecheka mpaka paka akatoka nje. Halafu unaniuliza, "Bibi, Vermont kwani ni jimbo la namna gani?" Mtoto we! Ulikuja hapa una miaka sita, ukala donati tisa, ukatapika ndani ya kofia ya babu yako. Ndiyo Vermont yenyewe hiyo.

Haya, nikujulishe. Ni jimbo dogo. Kwenye mji wetu mkuu, ukipiga chafya mwanzo wa barabara, wa mwisho wa barabara anakuombea afya. Ng'ombe tunawajua kwa majina kuliko wajumbe wetu. Majira yetu ni matano, kwa sababu kati ya baridi na machipuko kuna ya matope, na hayo usiyafanyie mzaha. Ukiwa unaendesha gari, msalimie kila unayepishana naye kwa kunyanyua kidole kimoja juu ya usukani. Ukinyanyua mkono mzima watauliza nani amekufa. Pai ya matufaha inaliwa na jibini. Milango haifungwi kwa ufunguo.

Sasa kubwa lenyewe. Shule ina watoto kumi na moja, chumba kimoja, na tarehe mbili Machi mkutano wa kijiji utapiga kura kama iendelee au ifungwe. Harlan Stebbins anataka watoto wapelekwe kwa basi bondeni, maili kumi na nne. Shule ikibaki, kazi ni yako. Ikifungwa, huji, na mimi nimeshamwahidi mama yako kwamba sitapitisha baridi nyingine hapa peke yangu. Nitauza shamba nije kukaa kwenye chumba chenu cha kiyoyozi. Mimi! Kwenye kiyoyozi!

Bibi yako,
Almeda

Tucson, Arizona
27 Januari 1976

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limekusamehe. Huku sote wazima, Mama anakusalimu na anasema chumba ameshakipaka rangi. Mimi namwombea rangi imchubuke.

Bibi, roho yangu iko juu juu! Nimewasimulia wanafunzi wangu kwamba huko watu wanatoboa miti na kupata shira tamu. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, umedanganywa." Mtungi wako wa mwaka jana umeisha, ningemwonjesha akome. Hebu nieleze vizuri inapikwaje, niwaambie.

Halafu hiyo kura. Si upige kwa posta tu, ubaki na kazi zako? Shule ya hapa inataka jibu langu mwezi Aprili kama nitabaki. Nimewaambia wangoje.

Mjukuu wako,
Joyanne

Kettle Hill
15 Februari 1976

Mpendwa Joyanne,

Marahaba, mama. Goti bado lina kisirani, mengine shwari.

Kwa posta! Usije ukasema hivyo hadharani ukifika hapa. Mkutano ni ukumbini, ana kwa ana, unakaa kwenye kiti cha chuma mpaka makalio yafe ganzi, na hoja yako ikiitwa unasema ndiyo au siyo kwa mdomo wako. Asiyekuwemo, hayumo. Mambo yetu tunayakata hivyo tangu enzi za babu zake babu yako.

Shira inapikwa hivi. Mwishoni mwa baridi, usiku unapoganda na mchana kuyeyuka, utomvu wa miti ya mepo unashuka kwenye ndoo. Unakuwa kama maji tu. Tunaumimina kwenye karai pana juu ya moto wa kuni, ndani ya kibanda cha shira, tunauchemsha kutwa nzima. Ndoo arubaini zinatoa ndoo moja ya shira. Karai letu, Babu Orrin alilitengeneza kwa mikono yake mwaka aliozaliwa mama yako, futi nne kwa futi sita. Sheria yake ilikuwa moja: humo ndani utomvu usipungue vidole viwili, na wewe usiondoke kando yake. Ukikauka linaungua, na likiungua limekufa. Yule mzee alikosa mazishi ya mjomba wake kwa ajili ya karai, na mjane hakumlaumu.

Usiwe na wasiwasi na kura. Hoja ya shule ni ya ishirini na tatu, itaitwa baada ya chakula cha mchana. Wapika shira wote huingia saa sita, maharage ya mchana yakipakuliwa. Nami nitakuwepo.

Bibi yako,
Almeda

Kettle Hill
3 Machi 1976

Joyanne, Joyanne, Joyanne!

Hujambo, mimi sijambo, tumeshinda!

Kaa chini nikueleze. Jana kulipambazuka na jua kali, utomvu ukamwagika kama bomba limepasuka. Tangi langu likajaa pomoni asubuhi na mapema. Nikasema niwashe moto mapema, nichemshe, nizime saa tano, niende. Saa nne na robo nasikia honi chini ya kilima. Mavis Cota, mpeleka barua, kashindwa kupanda kwa ajili ya matope, anapiga kelele toka garini: "Almeda! Harlan ameomba hoja ya shule iletwe mbele! Inajadiliwa sasa hivi! Wapika shira wote wako vibandani!"

Ule ujanja! Anajua kabisa jua kama lile linatufunga wapi. Nikafunga mdomo wa jiko, nikajaza karai utomvu wote uliokuwa karibu, nikamimina na theluji kwa beleshi, nikateremka na aproni yangu mpaka kwenye gari la Mavis. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope, hakijaonekana mpaka leo.

Nimeingia ukumbini soksi moja inachuruzika. Harlan anaongea. Harlan akianza kuongea unaweza kufuma sweta. Mafuta ya basi, choo cha shule, paa la shule. Alipoketi, basi mimi, ambaye sijasimama kwenye mkutano ule miaka arubaini, nikasimama.

Nikasema, "Harlan, ulijifunza kusoma kwenye chumba kile kile."

Akasema, "Nilijifunza, na kulikuwa na baridi."

"Hukujifunza. Nilikaa nyuma yako nikikunong'oneza majibu mpaka darasa la sita."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye mwenyewe akawa mwekundu hadi masikioni. Nikamwambia, "Cheka na wewe, siyo siri. Lakini hawa kumi na moja wakipelekwa maili kumi na nne, nani huko atajua yupi wa kunong'onezwa?"

Wakapiga kura kwa sauti, mwenyekiti hakusikia upande upi umezidi. Akasema tusimame tuhesabiwe. Hamsini na saba wanataka ifungwe. Hamsini na nane, ibaki! Nilihesabiwa na soksi yangu! Njoo, mama. Njoo!

Bibi yako,
Almeda

Tucson
14 Machi 1976

Shikamoo Bibi yangu, shujaa wangu,

U mzima? Miguu imekauka? Nimepiga kelele jirani akabisha hodi. Jana nimewaambia wa hapa kwamba sibaki. Mama alilia kidogo, halafu akasema, "Ungemwona mama yangu akiwa amekasirika, ungemhurumia Harlan." Nafikiri ameona fahari.

Nakuja Juni, shule zikifungwa. Nieleze njia. Na mtungi wa shira wa Aprili usiusahau, watoto wananidai ushahidi.

Swali moja. Karai uliliacha motoni. Lilikuwaje?

Mjukuu wako,
Joyanne

Tucson
25 Aprili 1976

Shikamoo Bibi,

Wiki sita sijapata hata mstari. Nilipiga simu mara mbili, ukanieleza habari za matope, ukasema maziwa yanachemka, ukakata. Mtungi wa shira haukuja. Tangu nizaliwe haujawahi kukosa, hata mwaka aliofariki Babu.

Nakuuliza tena na usinizungushe. Karai lilikuwaje?

Joyanne

Kettle Hill
4 Mei 1976

Mpendwa Joyanne,

Marahaba. Mzima wa mwili.

Liliungua. Nilirudi nikakuta kibanda kimejaa moshi mweusi na chini ya karai pametoboka tundu ambalo ningeweza kupitisha kichwa. Kibanda kilinusurika. Shira ya mwaka huu haikuwepo, ndiyo maana hukupata mtungi.

Sikukwambia kwa sababu ungejiona una deni, na huna. Huu ni mwaka wangu wa hamsini nikipika shira, unadhani sikujua? Harlan alipofika kwenye habari za choo, nilijua theluji imeshayeyuka. Alipofika kwenye paa, nilijua vidole viwili vimekuwa kimoja. Mlango ulikuwa nyuma yangu, ningeweza kuondoka na ingelikuwa sare, na kwa sare shule ingefungwa. Nilikaa. Nilisikia harufu kama Orrin mwenyewe anaungua, nikakaa.

Nyumbani nililia kama mtoto, sikufichi. Orrin angenitukana mpaka jioni. Halafu angesema amefurahi nimemwaibisha Harlan.

Karai jipya sina mpango nalo, mafundi wa aina ile wamekwisha hapa. Ila wewe unakuja, na hilo ndilo nililolitaka.

Njia ni rahisi. Ukishuka darajani, pinda kushoto pale ghala la akina Cota lilipokuwa kabla halijaungua. Kisha panda tu.

Bibi yako,
Almeda

Njiani, jimbo la New York
16 Juni 1976

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii itanitangulia, maana naendesha polepole. Juu ya gari langu kuna karai.

Baba yake yule mtoto aliyesema nimedanganywa ni fundi bati. Nilimpelekea barua yako ya Februari, nikamwonyesha: futi nne kwa futi sita. Akauliza, "Mwalimu, unachemsha nini, farasi?" Nikamwambia maji ya miti. Akatikisa kichwa, akalitengeneza kwa chuma kisichoshika kutu, na darasa zima likakwaruza majina yao chini yake. Huko Ohio askari alinisimamisha akauliza kama ni beseni la kuogeshea ndama. Upepo ukivuma linaimba!

Sasa Bibi, ghala lisilokuwepo nitalionaje?

Mjukuu wako anayekuja,
Joyanne

[Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jikoni, Kettle Hill]
18 Juni 1976

Joyanne,

Kama unasoma hii, basi ghala umeliona. Karibu sana, mama. Usibishe hodi. Pai iko mezani, jibini liko chini ya bakuli, mwondoe paka.

Mimi niko kibandani. Barua yako ilifika jana, nikakimbia kupima mlango wa kibanda. Futi tatu na nusu! Nikaona karai la futi nne haliingii, maana la Orrin lilitengenezwa humo humo ndani, nikachukua mtarimbo nikaung'oa mlango, fremu na ubao mmoja wa ukuta. Harlan alikuwa anapita, akanisaidia kushika ngazi. Kila kitu kilipokuwa chini ndipo ananiambia, "Almeda, si ungelipitisha kwa ubavu?"

Nimemwambia angesema mapema. Anasema alitaka kuninong'oneza, akaogopa.

Basi, mlango haupo. Lete karai, ingia moja kwa moja.

Bibi yako