Kama Dada, Si Kama Ofisi

Jumatatu, 3 Novemba

Nyumbani Muthara. Sijui nimelala mara ngapi leo. Nalala, naamka, mwanga umehama ukuta, nalala tena. Dawa nilizopewa Meru zina nguvu. Daktari alisema nitakuwa kama mtu aliyelewa kidogo, kidonda kisiguswe na maji, nisiinue hata sufuria. Kidole tumbo! Kitu kidogo hivyo, na kilikuwa karibu kunimaliza.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye miraa ya jirani. Dirishani naona vichwa vya miti tu, vinaelea. Nikifumba macho nasikia simu za ofisini Mombasa, lakini zinalia kama jogoo, na nikiinua ninayemsikia upande ule ni kuku anayetaga. Mama anasema nilicheka usingizini.

Wamama wa kanisa walikuja kuniona. Mmoja akauliza hasa kazi yangu ni nini. Mama hakungoja nijibu. Gacheri anachunga meli, akasema, kama vile ni mbuzi — wezi wa baharini wakiivamia meli, inampigia yeye simu. Wakanitazama na hii gauni yangu ya kulalia, soksi za mdogo wangu Mwirigi, yule baharia, miguuni. Nadhani hawakuamini.

Lakini si uongo. Kepteni anapiga, awe pwani yoyote ya bara hili, sisi tunauliza: mko wapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, wameshika nini, kuna aliyeumia? Kisha tunazionya meli zote zilizo karibu na kuwaarifu wanamaji wa nchi hiyo. Ndiyo kazi yote. Kuuliza, na kupitisha neno.

Uji wa wimbi. Usingizi tena.


Jumanne, 4 Novemba

Mwirigi ametuma ujumbe wa sauti! Meli yao imetia nanga nje ya bandari, huko upande wa pili wa bara, magharibi kabisa. Wanangoja nafasi ya kushusha ngano. Wanaweza kungoja hata wiki mbili. Anasema kazi ya injini ikizimwa ni kupaka rangi na kupiga stori, na amewafundisha Wafilipino wenzake melini kusema "muga", salamu yetu ya Kimeru. Nyuma yake mtu anasema muga, muga, na watu wanacheka. Huyo ni Rodel, anasema, rafiki yangu, anataka kujua kama Meru kuna mananasi.

Mama amesikiliza mara tatu. Mara ya tatu hakuwa anasikiliza maneno, niliona. Alikuwa anasikiliza tu sauti ya mtoto wake.

Nikaitafuta meli yao kwenye simu. Alama ndogo ya kijani, imezungukwa na zingine kama tano. Nikamwonyesha Mama. Akaigusa kwa kidole, ikapotea, akashtuka akidhani ameiharibu.

Mchana niliota Mwirigi akiwa mdogo, amepanda mti wa miraa, anachuma. Chini yake meli kubwa zinapita kati ya miti, polepole, bila sauti. Anazipungia mkono. Nilitaka kumwambia ashuke na sikuwa na mdomo.


Alhamisi, 6 Novemba

Usimwambie Mama. Ndivyo ujumbe wake ulivyoanza.

Alfajiri ya leo wanaume sita walipanda kwa nyuma ya meli, kwa ndoana na kamba. Mapanga. Rodel alikuwa zamu peke yake. Walimfunga, wakavunja stoo, wakachukua kamba nene za meli na vipuri vya injini. Kabla ya kumfunga, alipojaribu kufikia redio, walimkata mkono, juu ya kiwiko. Sita dhidi ya mmoja. Waliposhuka ndipo wengine wakaamka.

Sasa hili ndilo lililo zito. Kepteni ameamuru deki ioshwe. Amewaambia hakuna aliyeona kitu, Rodel alijikata na bati. Akiripoti, watakuja polisi wa bandari, watakuja wapelelezi, watapoteza nafasi yao kwenye foleni, na kampuni itamlaumu yeye. Atakayefungua mdomo hatasaini mkataba mwingine. Rodel ameshonwa na afisa wa pili, na uzi wa sanduku la huduma ya kwanza.

Mwishoni aliandika: nimekuambia kama dada, si kama ofisi.

Nimeisoma nikiwa nimelala chali. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikasikia kila tone.


Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimekataa dawa ya mchana. Nataka kichwa changu.

Mwezi wa tano nilipokea simu kutoka meli ya mbolea. Eneo lile lile. Kepteni alikuwa mtu mzima, ana adabu, alikuwa ananiita "madam" huku analia. Mpishi wao alisikia kelele akatoka kutazama, mwiko bado uko mkononi. Wezi wakampiga risasi. Niliandika yote aliyoniambia, nikauliza maswali yangu yote, hata lile la mwisho — kuna aliyeumia? — ingawa nilikuwa nimeshajibiwa.

Baadaye tukajua. Wiki ile ile meli mbili zilikuwa zimeibiwa mahali pale pale, na zote mbili zilinyamaza. Zingesema, huyu mpishi angekuwa amefungiwa ndani na wenzake, milango imekazwa, taa zote zinawaka. Nilikuwa na hasira na makepteni wale wawili kwa miezi. Niliwaona ni watu wabaya.

Na sasa kepteni wa namna hiyo ndiye anayemlisha ndugu yangu.

Mama ameleta ndizi zilizopondwa na maharagwe. Akaniuliza kidonda kinauma? Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Ukungu haukuondoka siku nzima. Ng'ombe wa jirani alitokea ndani yake, akanitazama, akarudi ndani yake.


Jumamosi, 8 Novemba

Nilimpigia Mwirigi. Nilikwenda nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, ndiko netiwaki hushika. Natembea nimejishika tumbo kama mwanamke mjamzito.

Sauti yake ilikuwa chini. Yuko chumba cha injini, alisema.

"Rodel anaendeleaje?"

"Ana homa. Lakini anakula."

"Mwirigi, acha niripoti. Jina la meli halitatajwa."

"Gacheri, tafadhali. Hapa nilijisifu. Tangu siku ya kwanza niliwaambia dadangu anafanya kazi gani. Wote wanajua. Kepteni mwenyewe anajua. Alikuwa ananiita bwana usalama. Atajua ni mimi."

Nilikuwa nafikiri alivyojisifu juu yangu. Sikujua.

Nikamuuliza kuhusu meli zilizo karibu naye. Akasema kuna moja ya mafuta ya kupikia, imefika jana, imetia nanga karibu sana. Jioni wanachoma samaki kwenye deki na mmoja wao anapiga gitaa. Upepo ukigeuka unasikia mpaka maneno ya wimbo.

"Hao wameambiwa?"

Nikasikia kitu kinagonga chuma, tik, tik, tik.

"Wataambiwa na nani?" akasema.

Kisha: "Uliniahidi." Sikuwa nimeahidi. Aliniambia tu, nami nikawa nimesikia. Lakini sikumkatalia.


Jumapili, 9 Novemba

Mama aliporudi kanisani alisema wamemwombea Mwirigi, jina lake limetajwa mbele ya watu wote. Nikalia. Nilijaribu kusema ni kidonda, lakini mama ni mama, alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda, bado amevaa kitambaa chake cha kanisa, akangoja.

Nikamwambia yote.

Swali lake la kwanza: Mwirigi ameumia? Hapana. Ameguswa? Hapana, Mama. Akashusha pumzi. Kisha akasema, basi nyamaza. Hivyo tu. Nikasema kuna watu wengine pale. Akasema watu wengine wana mama zao wa kuwalilia. Mwirigi alichuma miraa ya wenyewe tangu alipomaliza shule, kule Laare, na mvua na jua, akashuka mtini akiwa na miguu imechubuka. Leo ni mtu. Akasema mimi ndiye mkubwa wake. Nani atampa kazi nyingine, ofisi yangu?

Ofisi yangu haiajiri mabaharia.

Akaenda kumenya ndizi. Kutoka kitandani niliona mgongo wake tu, na maganda yakianguka. Alimenya nyingi kuliko tunavyoweza kula. Mwishowe, bila kugeuka:

"Huyo aliyekatwa. Kwao wanajua?"

"Hawajui, Mama. Kepteni amekataza."

Kisu kikasimama kidogo. Kikaendelea.

Nililala jua likiwa bado juu. Niliota napita ofisini kwetu na viti vyote viko wazi, na kila simu imening'inia kwa waya wake, na kutoka kila simu gitaa linasikika kwa mbali. Haikuwa ndoto mbaya. Ilikuwa nzuri sana, na ndiyo maana niliamka nikaitafuta simu.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimefanya.

Asubuhi, pale pale kwenye tangi. Nilimpigia Bwana Ireri, mkuu wa zamu yetu. Yeye ni mtu wa Embu, kule chini kwenye joto, anaongea kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Alianza kuniuliza habari za tumbo. Nikamwambia nina taarifa.

Akabadilika. Nikasikia kiti chake kikivutwa. Akauliza kama tunavyouliza wote: wapi, saa ngapi, wangapi, wameshika nini. Nikajibu. Kuna aliyeumia? Mmoja, mkono. Ilikuwa ajabu kuwa upande huu wa maswali. Unajisikia uchi.

"Meli gani?"

"Siwezi kusema."

"Umeambiwa na nani, Gacheri?"

"Siwezi."

Anajua nina ndugu baharini. Mwaka jana nilimletea picha ya Mwirigi amevaa ovaroli, akaitazama sana, akasema kijana ana mikono ya kazi.

"Basi sijauliza," akasema. "Onyo litatoka sasa hivi kwa meli zote za eneo hilo, bila jina. Lakini lazima pia tuulize kampuni zenye meli pale. Hiyo siwezi kuizuia. Unaelewa?"

Nikasema naelewa. Akasema nipumzike. Akasema pole, na sikujua ni pole ya kidonda au ya ndugu yangu.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Sijui amesikia kiasi gani. Alinipita, akafungua tangi, akajaza, akarudi ndani. Nilipoingia chai yangu ilikuwa mezani, imefunikwa na kisahani. Yake hakuinywa.

Ukungu umeondoka leo. Nyanda za chini kule Isiolo zinaonekana mpaka mwisho, kahawia na buluu, kama hakuna mtu anayekaa humo. Nilikaa nje na blanketi nikazitazama hadi macho yakaniuma. Sikumwandikia Mwirigi. Nilianza mara nyingi. Nikafuta.


Jumanne, 11 Novemba

Ujumbe wake ulifika tukiwa tunakunywa uji. Mrefu. Nimeusoma kwa sauti, maana Mama alisema soma.

Mashua ya wale wezi ilirudi alfajiri. Haikuja kwao. Ilikwenda kwa ile meli ya mafuta ya kupikia. Lakini meli ile ilikuwa imewaka kama mji, taa kila upande, watu wamesimama ukingoni na mipira ya maji, na honi ikalia mpaka Mwirigi akaruka kitandani. Aliwaona kwa macho yake wale watu kwenye mashua, mmoja tayari ameshika ndoana. Wakazunguka mara moja. Wakaondoka. Kisha yule wa gitaa, anadhani ni yeye, akaanza kupiga sufuria na kuimba.

Mama akasema asante Yesu, polepole, ndani ya kikombe.

Nikaendelea. Walijuaje, ameandika Mwirigi. Na mstari wa chini yake: ni wewe.

Basi. Hakuna zaidi. Nikamwandikia ndiyo, ni mimi. Nikaona amesoma. Tulimaliza uji. Mama akatoka kulisha kuku akarudi haraka kuliko kawaida. Nilijaribu kulala na usingizi ambao umenibeba wiki nzima umenikataa kabisa.


Jumanne hiyo hiyo, mchana

Mwirigi tena. Vipande vifupi, haraka.

Kampuni imemwandikia kepteni kuuliza kama ni meli yake. Kepteni amewaita wote chumba cha kulia chakula. Mmoja mmoja wanaulizwa.

Kisha: wanasema ni Rodel aliyeripoti

Kisha: kwa sababu ya mkono. wanasema ndiye mwenye sababu ya kulalamika. mimi wameniacha kwa kuwa wanajua wewe ni mgonjwa hauko kazini. simu yake imechukuliwa

Kisha: watamshusha bandarini arudishwe kwao. yeye anasema hapana si mimi na hawamsikii. ananitazama sista. hajui ni mimi nilikuambia lakini ananitazama. nikisema ni mimi nitashushwa mimi

Nilimsomea Mama na hiyo pia. Sikuruka neno. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, mikono mapajani, kama anavyokaa hospitalini. Nikafikiri atasema mwambie anyamaze, asijitaje. Nilimngoja aseme. Nilijua kwamba akisema hivyo nitaandika hivyo, kwa sababu mara moja tayari nimeamua kwa niaba ya Mwirigi na sina haki ya mara ya pili.

Badala yake amevua kitambaa chake akakifunga upya.

Nikaandika: Mwirigi, mimi niko hapa. Nikamuuliza Mama kama ana neno. Akafikiri. Akasema, mwambie mama yake pia yuko hapa. Nikaandika na hilo.

Amesoma.

Juu ya simu imetokea kwamba anaandika. Ikapotea. Imetokea tena.

"Anasema nini?" Mama ameniuliza.

"Bado anaandika."

Amesogea akainamia simu pamoja nami. Hawezi kusoma maandishi madogo hivyo bila miwani, na miwani iko sebuleni, na hajaenda kuichukua.