Sanduku la Peptaidi Limeachiwa, na Si Dawa ya Ng'ombe

Bariadi, Ijumaa jioni. Mvua imepiga tangu mchana, mtaa mzima ni tope na viatu vyangu havitamaniki. Sijali hata kidogo.

Nimeshinda!

Ngoja nieleze vizuri, maana mwenyewe bado siamini. Kwenye maabara yetu ndogo tunatengeneza kipimo cha ndigana kali, cha kuonyesha kwenye damu kama ng'ombe ameambukizwa. Kinahitaji peptaidi, yaani vipande vidogo vya protini, ambavyo tunaagiza nje. Ni vitendanishi vya maabara. Hadungwi navyo mtu wala mnyama.

Masunga, mwenzangu wa maabara, ndiye aliyejaza maelezo ya mzigo. Akaandika "dawa ya ng'ombe". Nilipojua nilitamani kumrushia kiti. Lakini niseme ukweli, huku kwetu sote ndivyo tunavyojieleza. Mwambie mfugaji unashughulika na peptaidi, atakuonea huruma. Mwambie dawa ya ng'ombe, unaletewa kiti na maziwa.

Kwa wakaguzi, dawa ni dawa, na isiyosajiliwa haipiti. Sanduku likazuiwa Mwanza, barafu ya kuzipoza peptaidi ikiyeyuka. Lingelala huko hadi Jumatatu, peptaidi zingeharibika na mradi wangu ungeishia hapo, kwa sababu hakuna wa kutununulia nyingine.

Jamaa mmoja akanishauri niseme ni vipodozi ili zipite haraka. Nilishawishika. Nilishawishika sana, lakini nikakataa.

Leo alfajiri nikaenda Mwanza mwenyewe. Mkaguzi alikuwa mama mmoja asiyecheka.

"Ng'ombe akiumwa, hii unamchoma wapi?"

"Simchomi popote, mama. Namtoa damu, damu ndiyo inaifuata hii maabara."

Akataka nimweleze kipimo chote, hatua kwa hatua. Nikaeleza mpaka koo likakauka. Akasema sheria inaangalia kitu kinaenda kufanya kazi gani, hivyo niombe upya kibali cha vitendanishi: vitumike maabara tu, visiuzwe, visidungwe popote. Nikakubali yote kabla hajamaliza kusema!

Mchana kibali kikatoka, na sanduku nalo. Njiani, Nyashimo, nikashuka kwenye basi nikaongeza barafu kwa mama muuza samaki, na mpaka Bariadi nilikuwa nanukia sato. Abiria wa pembeni alihama kiti. Mimi natabasamu tu.

Nimeshaziweka kwenye friji, natoka, namkuta baba mdogo mlangoni. Katoka Lalago na mvua yote hii, kasikia dawa imefika.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. "Nina ndama hoi. Nipe kidogo tu nikamchome."

Moyo uliniuma. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe nikasoma. Nikamwambia hapana, hii si dawa, kumchoma nayo ndama ni kosa na haitamponya. Nikampigia daktari wa mifugo mbele yake, kaahidi kumwona ndama kesho asubuhi.

Baba mdogo akauliza.

"Kwa hiyo wewe hutengenezi dawa?"

"Sitengenezi, baba. Natengeneza kipimo, ili siku nyingine ujue mapema, ndama akiwa bado anasimama."

Akafikiri. Kisha akacheka, akavua kofia iliyolowa.

"Sasa hicho ndicho ninachokihitaji. Mbona ulikuwa unakificha?"

Nikaipokea kofia nikaitundika ikauke. Jumatatu tunaanza kazi, na yeyote atakayeniuliza nafanya nini, nitamwambia natengeneza kipimo.