Bega Lililokataa Kushuka

Mjukuu wangu Nekesa,

Hujambo huko Eldoret? Sisi hapa Gitothua tu wazima, na babu yako, guka, amerudi kuimba kwaya. Umeniuliza ufanyeje mgonjwa akijikaza kwenye mashine ya kupiga picha ya matiti.

Nikiwa kijana, nikipiga picha hizo hospitalini Thika, alikuja mama wa Makongeni, mfanyakazi wa kiwandani, mwenye uvimbe karibu na kwapa. Kila nilipomweka kwenye mashine, bega lilipanda na titi likaponyoka. Picha ya kwanza haikufika kwenye msuli wa kifua, mahali penyewe alipohisi uvimbe.

“Sista, kwani haijatosha?” akauliza, machozi yakimlengalenga.

“Mama, unaogopa nini hasa?”

“Dada yangu alianza hivi hivi. Tukamzika.”

Nikaiacha mashine, nikamshika mkono. Kisha akashusha pumzi ndefu, bega likalegea lenyewe. Nikalivuta titi taratibu, nikalibana, nikapiga picha. Uvimbe ukaonekana wazi, ungali mdogo. Akatibiwa, akapona.

Mashine za siku hizi unazijua kunishinda, mjukuu wangu. Ila mtu akikaza bega, usimsukume kwanza. Jumapili iliyopita mama yule alinikuta kanisani, akanipakatisha mjukuu wake.

Nakuombea kila asubuhi,
Bibi yako, Kukhu