Freni Inayojikanyaga Yenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Nimegonga ukuta wa jirani yetu, Muzee Sibomana. Kwa nyuma, polepole, nikitoka kununua mkate. Ukuta ni wa mawe ya volkano — hauna hata alama. Gari langu ndilo limepoteza taa. Sibomana alitoka na kikombe cha chai, akauangalia ukuta wake, akaniangalia mimi, akanipa pole. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kahambu, mke wangu, naye hakunitukana. Alisema tu, akichambua maharagwe, kwamba Jumamosi ya juma lijalo Daniella wetu anaolewa, na kwamba Donat, kaka yake yeye Kahambu, anaendesha vizuri sana. Basi. Mwanamke huyu akitaka kukuchinja hahitaji kisu.

Lakini mutoto wangu wa kwanza nitampeleka kanisani mwenyewe. Nilijiapia hivyo siku aliyozaliwa, hata gari sikuwa nalo.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu hajanitupa! Janvier, niliyemfundisha jiografia (Ziwa Kivu alilichora kama ndizi), sasa ni assistant kule universite. Anatafuta madereva wa kawaida, "wenye umri wa heshima", kwa utafiti wake. Ana kiti cha gari, volani ya kuzungusha, ekrani tatu kama za televisheni, na betri kubwa, maana umeme wetu tunaujua. Gari la kwenye ekrani lina freni inayojikanyaga yenyewe: likiona utagonga, linapiga kengele, kisha linasimama. Anataka kujua dereva anabadilika vipi akishaizoea.

Nikamwambia Kahambu: mashine ikinikubali, siku ya ndoa ninaendesha mimi.

"Unampeleka mutoto kwa kanisa ao kwa ukuta?"

Akafikiri. Akakubali, ila na yeye atakuja kuona kwa macho yake.

Jumamosi, 8 Juni

Janvier alimruhusu Kahambu akae kiti cha pembeni. Kwanza akavua viatu vyake vya kisigino. Nilidhani ni heshima kwa mashine.

Barabara ya kwenye ekrani Janvier ameijaza vitu vya kwetu. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, yenye magunia ya viazi ikanikatiza — nikatafuta klakson ya kupigia kelele kabla ya freni, kama mutu yeyote wa Goma. Lakini nilisimama. Pikipiki, nikasimama. Mbuzi, nikasimama. Nilijiona mfalme.

Cha ajabu, kengele haikulia hata mara moja. Janvier akadhani mashine imekufa. Akachungulia kompyuta yake, kisha akacheka hadi akavua miwani. Kumbe kila mara, kabla mashine haijashtuka, Kahambu alikuwa amekwisha kusema "Papa Daniella!" na kukanyaga sakafu kwa mguu wake. Nami hapo hapo nakanyaga freni. Mashine ilikosa kazi.

Janvier akamwomba kwa adabu kwamba mara nyingine mama abaki nje. Kahambu alirudi nyumbani akitembea kama aliyevishwa medali.

Jumatano, 12 Juni

Leo peke yangu. Utamu! Pikipiki ikaingia mbele: kengele, gari likasimama lenyewe. Mbuzi: likasimama. Nikaanza kukaa kama bwana mkubwa. Nikawa naangalia volkano yetu, Nyiragongo, pale pembeni ya ekrani, moshi wake umechorwa vizuri kweli.

Ndipo akavuka mama na beseni la samaki, kama anatoka soko la Kituku. Nilimwona. Naapa nilimwona! Nikangoja kengele. Kengele haikulia. Nikamgonga mama wa watu, yeye na samaki wake wote.

Janvier alikuwa ameizima ile freni makusudi, bila kuniambia. Ndio utafiti wenyewe. Akanifariji kwamba wengi wanagonga hapo hapo.

"Mwalimu, hauendeshi mubaya. Umezoea tu mwingine akuangalilie."

Hakujua amesema nini. Siku ya ukuta wa Sibomana, Kahambu hakuwemo garini. Siku nilipoingia mtaroni karibu na soko, hakuwemo. Na miaka yote hii mimi nalalamika kwa marafiki kwamba ananisumbua njiani!

Alhamisi, 13 Juni

Nimemweleza Kahambu yote. Mpaka samaki. Akauliza walikuwa samaki gani. Akacheka hadi akakaa chini.

Nikasema basi, Donat aendeshe. Akaacha kucheka. Akaenda kupiga pasi koti langu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nyuma ya volani, uani. Gari limeoshwa, limefungwa riboni, taa mpya. Funguo nilizikuta asubuhi mfukoni mwa koti. Si mimi niliyeziweka.

Tatizo ni moja: nafasi. Nyuma ni Daniella na gauni lake, gauni peke yake ni abiria watatu. Mbele ni marraine wake, msimamizi wa ndoa, Clotilde, tayari ameketi, maua magotini, ananiuliza naandika nini. Kahambu amepangwa gari la Donat, pamoja na mashangazi.

Daniella amekwisha kuingia. Mzuri, Mungu wangu. Ananiambia, Papa, polepole. Donat anapiga klakson kule barabarani. Gari langu bado sijaliwasha na mguu tayari uko juu ya freni.

Kahambu anatoka nyumbani. Kitenge cha sherehe, kilemba kama mnara. Viatu vya kisigino amevishika mkononi. Miguuni, kandambili.

Amempita Donat bila kumwangalia. Anamgongea Clotilde kioo. Clotilde anakishusha akitabasamu, maskini, hajui kwamba kiti hicho kina kazi —