Roma na Karthago kabla ya mahamri

Mama, shikamoo. Mimi ni mzima, ila Malindi joto halinihurumii.

Yule mwenye nyumba ya wageni aliyeniajiri alinipa siku tatu: nikishindwa kuzungumza na wageni, nirudi nyumbani Kaloleni. Leo ilikuwa ya tatu, na sikuwa nimesema zaidi ya "karibu".

Asubuhi wazee wawili waliozoea kukaa hapa, Mroma mmoja na Mtunisia anayetoka kulikokuwa Karthago, waligombana kwa Kiswahili kuhusu vita vyao vya zamani.

"Ndovu wenu walivuka milima yote ile, wakafa kwa baridi," alisema Mroma.

"Na jeshi letu likala mashambani mwenu miaka na miaka, mkitazama tu."

Mahamri hawakuyagusa. Kwetu mtu hagombani mbele ya chakula, nami nikasahau haya zangu.

"Wazee wangu, kule Kane Karthago ilishinda, kule Zama Roma ikashinda. Nilisoma shuleni. Sasa kuleni, mbaazi zinapoa."

Wakala. Mwenye nyumba amesema nibaki, na kila asubuhi niketi katikati yao.

Nakupenda, Mama. Uniombee, maana vita vyao vilikuwa vitatu, na wazee hawa ndio kwanza wamefika vya pili.

Mwanao, Dama