Hesabu Tulizoandika Ukutani

Adongo, dada yangu,

Jumatatu naripoti chuo kikuu, na hujui jinsi ninavyokukasirikia. Tulikubaliana tutaenda wawili. Ulikuwa umeshaamua mpaka nani atalala kitanda cha juu (wewe, eti kwa sababu umenizidi umri). Sasa nimefunga sanduku peke yangu, na Mama kila saa analifungua kuongeza vitu ambavyo sitavihitaji.

Nimekaa nje ya jikoni hapa Kosele, mahali petu. Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja, maana ule ugonjwa wa selimundu ulikulaza hospitalini Homa Bay mara nyingi hadi mimi mdogo wako nikakufikia darasani. Sote wawili tuliitwa chuo kikuu kusoma hisabati. Mimi nilitaka kulala tu nikingoja siku ifike. Wewe ukaenda kwa mwalimu wetu wa zamani, ukarudi na kitabu chakavu na habari mbaya: huko chuoni hawaulizi jibu ni ngapi, wanauliza umejuaje kwamba ni kweli. "Ni kuthibitisha tu, asubuhi mpaka jioni," ulisema, na uso wako ukang'aa kama mtu aliyealikwa harusini.

Swali la kwanza nililidharau. Ukijumlisha namba mbili witiri, kama tatu na tano, kwa nini kila mara unapata shufwa, yaani namba inayogawanyika kwa mbili? Nilichukua kaa, nikaandika ukutani mwa jikoni tatu na tano, saba na tisa, kumi na moja na kumi na tatu, nikajaza upande mzima, kisha kwa chini nikaandika "imethibitishwa". Ulicheka ukashika mbavu.

"Akello, wewe umeniletea mashahidi tu. Na zile namba hujaandika je? Nani atazisemea?"

Tulikuwa tukibambua njugu. Ukachota konzi moja ukanipa, ukachota yako, tukazipanga mbili mbili. Rundo langu lilibakiza moja isiyo na mwenzake, na lako vilevile. Ukazisogeza hizo mbili zikakaa pamoja. Hata marundo yawe makubwa kama nyumba, ulisema, zilizobaki zitapatana. Mwili ulinisisimka, na nikakuonea wivu kwamba uliona kabla yangu.

"Mambo ya kubaki moja nayajua," uliongeza, ukazitafuna zote mbili. Ulikuwa ukimsema Apiyo, pacha wako, aliyekutangulia kuzaliwa akafa kabla hajajua kutembea. Haikuwa kawaida yako kumtaja. Nikaendelea kubambua.

Siku nyingine uliniuliza kama kila Akello huwa amefuata mapacha. Nilisema ndiyo bila hata kufikiri. Kwetu nani asiyejua? Mapacha wa kike ni Apiyo na Adongo, na msichana anayezaliwa baada yao ni Akello. Mimi mwenyewe si ndiye huyu? Ukanituma sokoni kwa yule mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye naye anaitwa Akello, nikamuulize kuhusu mapacha wake.

"Mapacha gani, nyathina, mtoto wangu?" alisema huku akinipimia. "Mimi ni fasiboni, wa kwanza kwetu. Hii jina ni ya nyanya yangu. Alikufa, akakuja kwa ndoto ya mama akisema anataka jina yake irudi."

Nikarudi nyumbani na omena na aibu kidogo. Ulikuwa umeshaandika ukutani kwamba mfano mmoja unaokataa unatosha kuiangusha kauli nzima. Ulijua tangu mwanzo, na ukaniacha nitembee jua lote lile. Nilikununia mpaka jioni.

Halafu mvua ikaanza na maumivu yakarudi. Pale wodini ndipo uliponifundisha hesabu yako ya mwisho, kwa vipande vipande, kati ya maumivu na maumivu. Ukitaka kuonyesha kwamba hakuna namba kubwa kuliko zote, ulisema, anza kwa kukubali kwamba ipo. Kubali kabisa, usiibie. Kisha iongeze moja, uone itakavyojigonga: umepata nyingine inayoizidi. Muuguzi alikuambia upumzike. "Sista, ngoja kidogo," ulimjibu, "huyu kichwa yake ni ngumu." Alicheka, nami nikacheka, na ndiyo mara ya mwisho tulipocheka watatu kwa kitu kimoja.

Kabla waombolezaji hawajafika, majirani walikuja kusiriba jikoni, kama inavyofanywa kwetu boma likiwa na kilio. Mimi nilikuwa nimetumwa Sori kumchukua shangazi. Niliporudi nilikuta ukuta laini, mbichi, unanukia samadi, na hesabu zetu zote zimo chini ya udongo. Siwalaumu, wangejuaje? Walidhani ni michoro ya watoto. Niliulilia ule ukuta kuliko nilivyolia kaburini, na watu wakanong'ona kwamba nimechanganyikiwa.

Baba anaona nilivyo. Wiki hii aliniita akaniambia kwa upole, "Akello, unaweza ngoja mwaka moja. Chuo haitahama." Nilikaribia kukubali. Si masomo ninayoogopa, ni jina langu. Juzi kule Migori fundi cherehani alipolisikia tu akaniuliza, "Na mapacha wako wapi?" Nikamwambia wako salama, wameolewa. Nilidanganya mtu aliyekuwa akinipima mabega, kwa sababu kuna neno moja ambalo tangu ulipotutoka sijalitamka mbele ya mtu yeyote.

Badala yake, kila asubuhi nafanya ile hesabu ya wodini. Nasema: tuchukulie Adongo yupo. Nakubali kabisa, siibii. Kama yupo, basi ameamka kabla yangu. Kama ameamka, basi yuko nje anapiga mswaki, anabishana na redio ya Mama. Nafungua mlango. Hapo ndipo inapojigonga. Ulinifundisha kwamba ukifika hapo lazima uandike mstari wa mwisho, kwamba ulichokubali mwanzoni si kweli, la sivyo hujathibitisha kitu. Mimi huurudisha mlango, nikaanza upya kesho yake.

Leo nimemwambia Baba kwamba nitaenda. Huko chuoni wataniuliza, najua, mtu wa kwanza tu wa kutoka kwetu atakayesikia jina langu. Sitamdanganya. Nimejizoeza jibu hapa kwenye karatasi, na limenila asubuhi nzima.

Apiyo alifariki. Adongo naye amefariki.

Pumzika, nami niende.

Mdogo wako,
Akello