Malkia Uliyemtupa

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na mapacha wazima? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kukataa dawa? Sisi tu salama. Mama anauliza kama unakula, ingawa picha zako zinajibu zenyewe.

Baba anaendelea vizuri. Mkono wa kushoto umepata nguvu. Anafunga vifungo mwenyewe na kutufokea tukitaka kumsaidia.

Sasa nije kwenye kesi yako. Unajua alivyoogopa kwamba kiharusi kimeondoka na akili yake. Ndiyo maana alisema kichwa chake kikiweza kukufunga wewe kwenye chesi mnayocheza kwa simu, kitaweza na vipimo vya mbao, naye atarudi karakana. Ulipomtumia ujumbe kwamba umeshindwa, mtaa mzima ulisikia. Siku hiyo hiyo akanoa msumeno.

Kwa furaha nikauingiza mchezo wenu kwenye kompyuta ya kazini, katika ile programu inayochambua kila hatua, kuonyesha makosa na kutoa alama za nani anaongoza. Nikamwita baba kazini kwangu tuufurahie ushindi wake. Tukafika pale ulipompeleka malkia wako mbele ya farasi wake, bila ulinzi wowote. Kompyuta ikaweka alama nyekundu.

"Huyu nilimfundisha mimi," baba akasema. "Hawezi kukosea hivi. Amenihurumia."

Alipofika nyumbani akaurudisha msumeno sandukuni. Kaka, nilikukasirikia sana. Ulimchezea baba kama mtoto anayebembelezwa ale.

Lakini mashine haina huruma wala upendeleo. Kesho yake nilisoma tena alama zake, hatua moja kabla ya malkia. Mzee alikuwa tayari mbele yako, na mbali! Ngome zako zimebanwa, mfalme hana pa kukimbilia. Kumbe ulikuwa unamwonea huruma mtu aliyekwisha kukushika koo. Nilipowaeleza, mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alitaka nimwonyeshe aone kwa macho yake, kisha nimwonyeshe tena.

Anasema mrudishe malkia wako mahali pake, muendelee pale pale. Ni zamu yako. Nilimuuliza kama karakana itasubiri mchezo uishe. Akasema anafungua kesho asubuhi, jibu lake ameshalipata.

Msalimie sana wifi, na mapacha waambie shangazi yao amewakumbuka. Mola awafunike kwa afya na riziki. Nawe, kaka, safari hii mshambulie baba kwa nguvu zako zote, ukiweza.

Wako akupendaye hata ukifungwa,
Mdogo wako.